Nani Alitengeneza Video ya Tabu?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie kuamua jambo lililonishinda.

Huko Kondoa kulikuwa na makao ya wanyama waliotupwa, yakiendeshwa na mjane aitwaye Bi Nyange. Vijana watatu walimsaidia bila malipo. Mwanaidi alikuwa na jicho: akimpiga picha hata kuku, kuku anaonekana mtu wa maana. Swalehe alikuwa na sauti. Akisema, waliokuwa wakiondoka wanarudi. Tausi alikuwa na mkono. Mnyama mkali akiguswa naye hutulia.

Ukame ukaja, majani yakaisha. Bi Nyange akawaambia, "Wanangu, tengenezeni video watu watuone. La sivyo nafunga."

Wakamchagua Tabu, punda mwenye vidonda vya mizigo mgongoni, ambaye alimpiga mateke kila aliyemsogelea.

Tausi aliingia zizini asubuhi, akaketi kimya. Jua lilipopinda, Tabu akamfuata mwenyewe, akamwekea kichwa begani.

Mwanaidi alikuwa amechutama juu ya ukuta, jua linamchoma, anarekodi. Alitaka kufurahi, lakini wivu ukamwingia. Si yeye aliyempelekea Tabu maji kila siku, na kila siku akaambulia teke? Basi alipohariri, akaukata uso wa Tausi wote. Akabakiza mkono tu, umetulia kando ya kidonda.

Swalehe akatia sauti. Aliandikiwa maneno mengi, akayaweka kando. "Huyu ni Tabu," alisema. "Alibeba maji yenu, matofali yenu, mahindi yenu. Sasa amechoka."

Video ikaenea. Watu wakaja na majani na pumba, wengine wakachukua wanyama wakawafuge.

"Sauti ile ilitutoa machozi," walisema. "Na ule mkono! Uso hatukuuona, kila mtu akadhani ni mkono wake."

Aliyerekodi hakuulizwa na mtu. Mwanaidi akatabasamu huku roho inamuuma.

Kisha daktari mmoja wa mifugo akamletea Bi Nyange ujumbe: "Aliyetengeneza video ile aje nimfundishe kazi yangu. Nafasi ni moja tu." Na wote watatu waliitamani kazi hiyo tangu zamani.

"Bila mimi Tabu asingesogea," alisema Tausi. "Na uso wangu uliukata kwa wivu, Mwanaidi. Kataa."

Mwanaidi hakukataa. "Nilikuonea wivu, kweli. Lakini mkato huohuo ndio uliowagusa watu."

"Na bila maneno yangu?" akauliza Swalehe. "Angebaki punda na mkono, basi."

Bi Nyange aliwatazama mmoja mmoja, akashindwa kutaja jina. Daktari bado anangoja. Mwanaidi naye hana raha: Tausi akienda, wivu utamuuma; akienda yeye, atajiuliza kama amelipwa kwa ufundi au kwa husuda.

Haya, nyinyi mliosikiliza. Mngekuwa Bi Nyange, mngemtaja nani?