Sufuria Juu ya Mchanga

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na shahidi?

Alikuwepo, mwapisheni aseme!

Basi shahidi ndiye mimi. Nililala nyuma ya mchongoma, nikaona kila kitu, na atakayebisha aseme yeye alikuwa wapi.

Mama Mbuni alikwenda kuteka maji. Fisi akayala mayai yake yote, kwacha, kwacha, mpaka tumbo likaburuzika chini. Alipoona nyayo zake zimejaa mchangani, akavunja tawi, akafagia, fyaa, fyaa, mchanga ukalala kama shuka jipya. Kisha akaenda kituoni, kifua mbele, akamwambia Afande Ngiri kwamba yeye ni raia mwema, na mwizi ni Nguchiro.

Amemwona? Amemwona. Kwa macho yake? Kwa macho yake mawili, na angekuwa na la tatu nalo lingemwona.

Habari ikamfikia Nguchiro kabla ya askari, maana Fisi hajui kusema polepole. Kila mtu anajua Nguchiro anapenda mayai, nani angemwamini? Na akifungwa, watoto wake wangebaki peke yao kichuguuni, na Fisi alikuwa ameshajitolea kuwalea.

Hakukimbia. Alikwenda kwa Mama Mbuni, akautazama ule mchanga uliofagiliwa, akacheka kimoyomoyo. Akapanda juu ya jiwe asikanyage mchanga, akarusha sufuria kuukuu katikati ya mchanga. Ngwee! Ikalala mdomo chini. Ndani yake hamna kitu.

Akajipeleka kituoni mwenyewe.

"Shikamoo, afande. Shikamoo, mjomba Fisi. Mwizi kasahau unyayo mmoja pale. Nimeufunika kwa sufuria, kama ilivyo desturi, usije ukakanyagwa kabla serikali haijauona."

Afande akasema vema, amalize uji kwanza. Akawa anapuliza, fuu, fuu.

Ghafla Fisi akasema tumbo linamkata. Akaomba ruhusa, akatoka, akatimua mbio, tutu, tutu, mpaka mchangani. Akafunua sufuria, akachungulia. Hamna kitu. Akaifunika tena, akarudi akijiona mfalme. Kwa furaha hiyo, tawi la kufagilia akalisahau.

Uji ukaisha, wakaenda wote. Mchanga mweupe, sufuria katikati, na nyayo kubwa zinakwenda, nyayo kubwa zinarudi. Mkia wa Afande Ngiri ukasimama wima. Akauliza nyayo hizi za nani.

"Afande, usipoteze muda na huyu mwongo," Fisi akasema. "Chini ya sufuria hakuna unyayo wowote."

Afande alikuwa hajaigusa sufuria.

"Umejuaje?"



Fisi akatiwa ndani kwa makosa mawili: kuwapa polisi taarifa ya uongo, na kwenda kuvuruga ushahidi. Ushahidi gani, hakuna aliyeuliza. Nguchiro akarudi kwa wanawe akipita katikati ya njia, si pembeni, mkia juu, na waliomwita mwizi asubuhi wakamwamkia.

Funzo lake ni hili: askari hadanganywi hata kidogo. Na ukilazimika, uongo wako ufunike vizuri, mwenzio aende kuufunua mwenyewe.

Hadithi yangu naiachia kwa dhamana; aliyeipenda aidhamini. Na kwa kuwa nimeapa, niseme kweli: kitu kimoja tu nimekitia mwenyewe.

Ile sufuria.