Kwa Nini Kapu la Kwanza Huvuka Mto

Zamani hizo nguruwe alikuwa hajajua zizi. Alilala alipotaka, akala alichokikuta, na kilichozungushiwa ua kilikuwa shamba. Ndivyo walivyoamua mababu zetu Waingereza walipofika hapa Amerika, maana msitu ulikuwa mpana na mikono ya kazi michache. Kila mtu alilinda mahindi yake, na nguruwe akaachiwa dunia.

Nawasimulia haya, wajukuu zangu, kwa sababu mnapenda mno kujigamba kwamba sisi ni kizazi cha merikebu ya kwanza. Ni kweli, ndicho. Ila hamsemi kwamba walioshuka humo walikuwa washona viatu na wafuma nguo, mafundi wa kuomba dua ndefu, wasiojua hata mahindi hupandwa vipi. Baridi ya kwanza iliwamaliza nusu. Waliosalia walichemsha mikanda yao ya ngozi wakanywa mchuzi wake.

Mmoja wao alikuwa Temperance Holloway, bibi yetu sote, mjane mwenye mtoto mchanga aliyeitwa Hopestill. Njaa ilimkausha maziwa, na mtoto akawa hana nguvu hata za kulia. Aliyemwokoa ni Sokanon, mwanamke wa wenyeji waliokaa upande wetu huu huu wa mto. Naye alikuwa na kitoto cha kike kinachonyonya. Akawapakata wote wawili, huyu huku na huyu huku, hadi theluji ikayeyuka. Kisha akamfundisha Temperance kufukia samaki kwenye shimo kabla ya kupanda punje. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii aliyepona ni mgeni.

Mavuno yalipokuja, watu wa Sokanon waliweka akiba yao ya chakula kama walivyozoea siku zote, katika mashimo ardhini yaliyotandikwa mikeka na kufunikwa udongo. Nguruwe jike wa Temperance, aliyeletwa na merikebu iliyofuata, akanusa. Alifukua shimo la Sokanon, akala akashiba, na kilichobaki akakivuruga matopeni.

Sokanon alikwenda kanisani, ambako wazee wa kijiji walikuwa wamekaa kikao. Alikwisha jifunza maneno yetu ya kutosha. Mzee Obadiah Crane, msemaji wao, alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia, "Mama, sheria yetu ni moja kwa wote. Zungushia ua shimo lako."

"Mahindi hayatembei," Sokanon akajibu. "Anayetembea ni nguruwe. Mfungeni anayetembea."

Wazee wakacheka. Sokanon akageuka akamtazama Temperance, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wanawake na Hopestill mapajani. Wote mle ndani walijua nguruwe ni wake. Temperance akainamisha kichwa, akamfunga mtoto kamba za kofia, ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Aliogopa kuwaudhi wazee, kwa kuwa mjane aliishi kwa hisani yao. Aliogopa pia kugawa mahindi aliyokuwa nayo. Mimi hofu hiyo naielewa, na bado inanichoma. Shukrani ya punda ni mateke, na punda wa siku hiyo alikuwa bibi yetu.

Watu wa Sokanon wakahamia ng'ambo ya mto, mbali na nguruwe wetu, wakaingia kwenye baridi na chakula kisichotosha. Yule mtoto wa kike, aliyenyonya ziwa moja na Hopestill, hakuifikia masika. Habari ilipomfikia Temperance, hakuomba dua wala hakumwuliza Mzee Crane. Alikwenda shambani akang'oa ua wake, nguzo baada ya nguzo, akamjengea nguruwe zizi. Majirani walimwita mwendawazimu, kisha mmoja mmoja wakaanza kumwiga.

Mavuno yaliyofuata yalipoiva, alijaza kapu la kwanza kabla hajaonja punje, akavuka mto nalo. Alimkuta Sokanon mbele ya nyumba yake na watoto wake wawili wakubwa.

"Dada yangu," alisema, "nilinyamaza."

"Nilikuona," Sokanon akasema. Akalipokea kapu, akamimina mahindi kwenye mkeka, akamrudishia tupu. "Haya nayachukua, kwa sababu ninao hawa wa kulisha. Kukaa kula nawe sitaweza."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Wewe lete."

Temperance alilipeleka kila mwaka hadi miguu ikamkataa, na Hopestill akashika zamu. Na tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, nguruwe hukaa ndani na shamba hukaa wazi, na kapu la kwanza huvuka mto kabla hatujala. Wajukuu wa Sokanon wapo hadi leo. Mwaka jana aliyenipokea ni mwalimu wa shule, mwanamke mpole. Aliniulizia hali ya magoti yangu, akamimina mahindi, akanirudishia kapu. Nilimkaribisha mezani kwetu, kama walivyofanya mama yangu na bibi yangu kabla yangu. Akasema asante, lakini hapana.

Mmeniuliza kama bado wametukasirikia. Hilo si swali letu kuuliza. Inukeni, mbebe kapu, na mtu asiguse sahani mpaka mrudi.