Kicheko cha Mize

Palikuwa na sultani, jina lake Sharafu, mwenye minazi yote, ng'ombe wote na visima vyote. Bado akaona kuna kitu watu wamemficha: nia zao. Akazitaka hizo nazo.

Mpiga mbiu akapita mitaani na pembe yake. "Kuanzia leo hakuna mwenye nia ila Sultani! Mkono ukiinuka, yeye ametaka. Kinywa kikifunguka, yeye ametaka. Atakayebisha, mkatale siku arobaini!"

Mji ukanywea. Mtu akiwashwa mgongo, anatazama kasri kwanza, ndipo ajikune.

Ijumaa Sultani akatoka kwenda msikitini. Baragumu la siwa mbele, mwavuli juu, wakubwa na mpiga mbiu nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Mbele ya baraza ya Mize, msuka mikeka, kubadhi lake la kushoto likazama topeni. Akavuta. Likagoma. Akavuta tena: mguu ukatoka, kubadhi likabaki, Sultani akarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Watu wote wakatazama mawingu. Mize akaangua kicheko! Alicheka mpaka ukili ukamtoka mikononi.

"Leteni mkatale!" Sultani akafoka.

Askari wakalibwaga palepale lile gogo zito, lenye matundu mawili ya kufungia miguu.

"Nani kakuruhusu kucheka, wewe mwanamke?"

"Wewe, Mwinyi wangu."

"Mimi? Lini?"

"Mpiga mbiu alipopita. Kinywa kikifunguka, Sultani ametaka. Basi kilipofunguka changu, nikasema, lo, Mwinyi leo kajiona, anataka kujicheka! Nikamsaidia."

Mshika mwavuli akauma ncha ya kilemba chake asicheke. Mwavuli ukatetemeka.

"Mwongo! Umecheka kwa hiari yako!"

"Hiari yangu? Kumbe ninayo?"

"Unayo! Na ndiyo inayokutia humu!"

"Alhamdulillahi! Mpiga mbiu, baba, chukua pembe yako. Katangaze kwamba Sultani amekiri: Mize ana nia yake. Ukimaliza, miguu nitaingiza mwenyewe."

Mpiga mbiu akaishika pembe. Watu wakasogea. Sultani akaona mji mzima unavyomkodolea macho, kila mtu na nia yake imemjaa kooni.

"Simama! Asitangaze mtu! Huna nia. Hakuna mwenye nia hapa ila mimi!"

"Hata ya kucheka?"

"Hata ya kupiga chafya!"

"Kwa hiyo kile kicheko si changu?"

"Si chako! Ni changu! Kila kitu changu!"

Mize akainama, akalifuta gogo tope kwa upindo wa kanga, taratibu, kama anayemwandalia mgeni kiti.

"Basi karibu, Mwinyi wangu. Tuanze na huo mguu wa kushoto, umeshavua kiatu."