Sikitu Aliyepasua Jabali la Lugo

Tulieni, enyi uzao wa Lugo, mnaokunywa bila kuuliza maji yenu yalipitia wapi. Zamani za mababu wa mababu zetu, sotoka, tauni ya mifugo, ilipokwisha kuwamaliza ng'ombe, nao watu wa mlima huu wakiwa wangali wakiishi mapangoni, kila familia na pango lake, alipanda huku Sikitu binti Nguvila, wa ukoo wa wafua chuma, mjukuu wa Mavanza aliyezifulia mikuki nyumba tatu za kitemi. Sikitu mrefu kuliko mlango wa nyumba yake, Sikitu aliyeshika nyundo kabla hajashika mwiko. Hakuja na jeshi. Alikuja na mumewe Elkana, mwinjilisti mwembamba mwenye kikohozi, aliyetumwa na misheni ya mbali kuja kuhubiri, na binti yao Loisi wa miaka kumi na minne. Mali yao yote ilikuwa Biblia moja, sufuria mbili na sanduku la chuma lenye zana za kufulia.

Wakajenga kibanda cha udongo mbele ya mapango. Elkana alifundisha kusoma, Sikitu alifua majembe, na jua lilipoinama wote watatu waliimba mlangoni pao, watu wakiwasikiliza kwanza kutoka mbali, kisha kutoka karibu, kisha wakiwa wameketi miguuni pao.

Lakini mlima ulikuwa hauna maji. Chemchemi ilikuwa moja tu, bondeni, nayo ilikuwa ya Mtemi Malangalila, na kwa ruhusa ya kuchota watu wa Lugo walimpelekea kila mwaka msichana mmoja, ambaye hakuonekana tena. Mwaka wa pili wa familia ile, wajumbe wakapanda na neno kwamba safari hii msichana atatoka kwa wale wageni, naye ni Loisi.

Sikitu akawajibu akiwa amesimama. "Mwambieni mtemi, binti yangu si kibuyu cha kuchotea maji."

Kesho yake chemchemi ikawekewa walinzi wenye mikuki. Siku ya nne watu wakajaa mbele ya kibanda, midomo imewakauka, na mzee Lukosi, ambaye binti yake alichukuliwa miaka mitatu nyuma, akasema kwa niaba yao.

"Mama, mimi wangu nilimtoa. Wako ana nini cha zaidi?"

Neno hilo lilimchoma Sikitu kuliko vitisho vyote vya mtemi. "Hana cha zaidi, baba," akasema. "Hata wako hakustahili kutolewa."

Siku hizo hizo ikafika barua ya misheni. Elkana akaisoma mara mbili.

"Mama Loisi, tumeagizwa turudi."

"Wewe umeagizwa, Baba Loisi. Mimi nimeshafika."

Elkana alimtazama mkewe, akaikunja barua, akaitia ndani ya Biblia, wala hakuitaja tena. Loisi naye akasema yuko tayari kwenda bondeni ili watu wanywe, mama yake akamwekea mikononi mvukuto wa kupulizia moto, akamwambia, "Vukuta." Kwa moto huo Sikitu akaliyeyusha lile sanduku lao la chuma, akafua tindo saba za kupasulia mawe.

Nyuma ya mlima palipita mto, na kati ya mto na Lugo lilisimama jabali jeusi la unene wa hatua kumi na mbili, lisilopandika wala kuzungukika, ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria ila kama mwisho wa dunia. Sikitu akalianza alfajiri. Elkana alishika tindo, Sikitu alipiga. Wakala viazi vya kuchoma, wakanywa, wao na mlima wote, matope ya dimbwi la nyati, mwendo wa nusu siku kwenda kuyafuata. Siku ya ishirini nyundo iliteleza, ikavunja vidole vya Elkana. Sikitu akaitupa nyundo, akalia kwa mara ya kwanza tangu apande mlima. Elkana alifunga mkono kwa kitambaa, akashika tindo kwa mkono wa kushoto, akangoja.

Lukosi aliyaona hayo. Kesho yake alikuja na jembe lake, akaanza kuondoa vifusi bila kusalimu mtu; nyuma yake wakaja wanawake, na nyuma yao mlima wote. Siku ya themanini na tatu jabali likakohoa, likatema vumbi, kisha likatema maji, na mto ukaingia Lugo.

Malangalila akapanda mwenyewe na mikuki arobaini. Alimkuta Sikitu katikati ya mfereji, maji yakimfika magotini, nyundo begani.

"Nani amekupa ruhusa ya maji haya?"

"Anayeleta mvua hakuwahi kukuomba ruhusa wewe," Sikitu akasema. "Nami sikuombi. Mpaka wako ni pale chini, mtemi. Ukivuka hapa, utavuka juu yangu."

Mtemi akatazama nyuma ya mwanamke yule, akaona majembe zaidi ya mia mbili, na mbele kabisa mzee Lukosi. Kisha akageuka, na mikuki ikamfuata.

Watu wakatoka mapangoni, wakajenga kando ya mfereji, na huo ndio mwanzo wa kijiji cha Lugo. Elkana alikufa miaka mitano baadaye kwa kikohozi chake. Misheni ikaandika tena, ikimtaka mjane arejee. Sikitu alijibu kwamba kaburi la mumewe liko hapa, na watu aliotumwa kwao wako hapa.

Akazeeka. Ukaja mwaka wa kiangazi kikuu, chemchemi ya bonde ikakauka, na wajukuu wa Malangalila wakapanda na vibuyu vitupu. Vijana wa Lugo wakawafungia njia, majembe mkononi. Sikitu akaletwa akiegemea bega la Loisi.

"Wapisheni," akasema. "Sikupasua jabali ili nami niombwe maji."

Wakapisha, na watu wa bondeni wakanywa.

Mvua ziliporudi mwaka huo udongo uliporomoka ukaziba mfereji, na Sikitu akapanda peke yake kwenda kuuzibua, bila kuaga. Asubuhi maji yalikuwa yanatiririka. Yeye hakuonekana, wala mwili wake, ingawa Loisi na watu wote walimtafuta siku tisa. Nasi tangu hapo hatukuweka kamwe mlinzi wa maji Lugo, na hakuna binti wa mlima huu aliyetolewa kwa mtu yeyote.