Siku Wazee wa Baraza Walipombeba Bibi Nakiete

Paukwa!

Pakawa!

Sijawasikia wa huko nyuma. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Zamani hizo, kabla bibi yake bibi yangu hajajua kutambaa, palikuwa na kijiji mlimani. Mashamba yake yalizaa kuliko walaji. Ndizi, magimbi, maharage, tele! Lakini ndizi ziliozea migombani, kwa sababu soko lilikuwa ng'ambo ya bonde, na njia ya kwenda huko ilikuwa balaa. Mawe juu, kinamasi chini. Ukishuka, unateleza: serere! Ukivuka, unazama: chubwi!

Na mkunga naye aliishi huko huko ng'ambo.

Mwaka mmoja mwanamke aitwaye Namsifu alishikwa na uchungu. Wakamlaza kwenye machela, wakambeba. Serere! Chubwi! Machela ikaangukia kinamasini, mtoto akazaliwa pale pale matopeni. Mama na mtoto walipona, lakini kwa taabu.

Namsifu alipopata mimba nyingine, wanawake wakaenda barazani. Wakasema, "Tunaomba njia itengenezwe."

Jumbe Mbonea akacheka. "Njia hii walipita babu zetu. Ina ubaya gani?"

Wazee wa baraza wakaitikia, "Ina ubaya gani?"

Hapo ndipo aliposimama Bibi Nakiete. Bibi huyu alikuwa mkubwa wa umri, na mkubwa wa mwili pia. Akipita, vyungu jikoni vinagongana: ko! ko! ko! Hakubishana nao. Alisema tu:

"Kweli, Jumbe, njia ni nzuri. Basi kesho nibebeni, nikamsalimu mdogo wangu ng'ambo. Miguu yangu imechoka. Nibebe wewe na wazee wenzako."

Mtu mzima kama yule akiomba kubebwa, nani atakataa?

Kulipokucha akapanda machela. Jumbe na wazee watatu wakainua. Iiih! Wakaondoka. Kijiji kizima kikafuata nyuma, kila mmoja ameziba mdomo asicheke.

Kwenye mawe, serere! Goti la Jumbe likachubuka.

"Bibi, shuka kidogo utembee."

"Namsifu alishuka?"

Wakabeba.

Kwenye mteremko, serere! Mzee mmoja akakalia miiba.

"Bibi, tafadhali, shuka kidogo tu!"

"Namsifu alishuka?"

Wakabeba.

Wakafika kinamasini. Chubwi! Jumbe akazama hadi kiunoni. Machela ikapinduka, na Bibi Nakiete akaanguka: PUU! Matope yakaruka, yakawafunika wazee nyuso.

Watu wakashika vichwa.

Bibi akainuka taratibu, matope yanamchuruzika masikioni. Akaanza kucheka. Akacheka hadi akashika mbavu. Wazee wakacheka. Kijiji kikacheka, hata watu wa ng'ambo wakaja mbio kutazama kuna nini.

Jumbe peke yake hakucheka. Alitazama pale aliposimama, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni hapa alipojifungulia?"

"Ni hapa hapa," akajibu Namsifu.

"Mwanangu, nisamehe. Sikujua."

"Sasa unajua," akasema Bibi. "Leteni majembe!"

Basi! Watu wa mlimani wakaanzia juu, wa ng'ambo wakaanzia chini. Twa! Twa! Twa! Wakaizungusha njia ubavuni mwa mlima ili mteremko usiwe mkali. Wakachimba mifereji, maji yapite pembeni. Kinamasini wakamwaga mawe, juu yake changarawe, wakashindilia kwa kucheza ngoma: ndi! ndi! ndi! Bibi Nakiete alicheza mbele, na pale alipokanyaga yeye hapakuhitaji kushindiliwa tena!

Siku majembe ya huku yalipogongana na majembe ya kule, watu walikumbatiana na jasho lao.

Mvua ikanyesha. Njia haikuzama. Na katikati ya mvua hiyo, Namsifu akashikwa na uchungu. Wabebaji wakakimbia wakiimba, Jumbe akiwa wa mbele kabisa:

"Beba, beba, mama asitikisike!
Beba, beba, twende tufike!"

Wakafika. Mkunga akawapokea mlangoni. Mtoto wa kike akazaliwa juu ya mkeka mkavu, akalia kwa nguvu, na vigelegele vikavuka bonde.

Toka hapo ndizi zikafika sokoni, chumvi ikapanda mlimani, vijana wakaoa ng'ambo. Kila mwaka kabla ya masika, Bibi Nakiete aliipita njia nzima na fimbo yake, akielekeza: "Zibueni hapa! Ongezeni mawe pale!" Hadi alipofariki. Siku ya mazishi watu walikuja kutoka vijiji ambavyo hata majina yake wenyeji hawakuyajua, na wote walifika na miguu mikavu.

Basi, wanangu, ukipewa kuamua juu ya njia ya watu, ipite kwanza wewe mwenyewe, tena ukiwa umembeba mtu begani.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyesinzia amuulize jirani yake.