Namba Mia Tatu na Kumi na Mbili

Siku ile, chumba cha kumbukumbu cha zahanati ya mlimani kilikuwa na watu wanne. Alikuwemo Nambike, aliyekuja kumtafuta mtoto wake kwenye orodha. Alikuwemo Ndekusara, karani, mwenye mkono usiochelewa kuandika. Alikuwemo Sechelela, fundi wa kompyuta kutoka wilayani, asiyeyumbishwa na mkubwa yeyote. Alikuwemo Mama Nakundwa, msafishaji, mwenye macho ya kuona kilichoanguka chini. Na Bwana Kiondo, mganga mfawidhi, alisimama mlangoni bila kuingia wala kuondoka.

Miezi minane nyuma, Nambike alijifungua binti pale pale. Binti aliishi siku mbili. Akazikwa nyuma ya migomba kabla hajapewa jina, na mama mkwe akasema kwa upole, "Yule alikuwa mgeni tu, mwanangu. Lia, kisha unyamaze."

Nambike alilia, lakini kunyamaza kulimshinda. Alitaka pawepo mahali pamoja tu palipoandikwa kwamba mwanawe alikuja duniani. Hapakuwepo. Siku ya msiba Bwana Kiondo alikuwa amemfuta kwenye kompyuta, akidhani ndivyo inavyotakiwa. Na sasa orodha ilikuwa inafungwa jioni hiyo ipelekwe mkoani. Ikishafungwa, haiguswi tena.

Sasa sikilizeni walichofanya wanawake watatu, kila mmoja kwa wakati wake.

Makarani waliomtangulia Ndekusara walikuwa wakingoja siku ya tatu ndipo wamwingize mtoto kwenye kompyuta, maana wengine hawafiki siku ya tatu. Ndekusara hakungoja. Binti yule hajamaliza hata kupanguswa maji ya uzazi, yeye ameshaandika: Mtoto wa Nambike, wa kike. Kompyuta, ambayo humpa kila anayeingia namba inayofuata, ikampa mia tatu na kumi na mbili. "Ameshafika," Ndekusara hupenda kusema. "Kwa nini angojeshwe mlangoni?"

Sechelela alikuja baadaye, kunyoosha orodha kabla ya ukaguzi. Akaona namba zimetoka mia tatu na kumi na moja zikarukia mia tatu na kumi na tatu.

"Ziba hilo pengo," Bwana Kiondo alimwambia. "Sogeza wengine. Wakaguzi watasema tumepoteza mtu."

"Kwani hatukumpoteza, baba?" Sechelela akauliza. "Mashine ikishatoa namba haimpi mwingine, hata mwenyewe akifutwa. Mashine ina adabu hiyo, mimi nikose?"

Aliandikiwa barua ya onyo. Pengo likabaki.

Naye Mama Nakundwa, siku ya msiba, alikuwa anapiga deki alipokiona chini ya kitanda kipande cha plasta, kile alichofungwa mtoto mguuni. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu: Nambike, 312. Hakukizoa pamoja na taka. Alikikausha kwa upindo wa kanga, akakitia ndani ya kiberiti kitupu, akakificha nyuma ya sabuni. Miezi minane.

"Nilijua utarudi," alisema siku ile, akimkabidhi Nambike kile kiberiti. "Ningekuwa mimi, ningerudi."

Plasta ilikuwa bado imejikunja duara. Nambike akaingiza kidole gumba. Hakikupita.

Basi Sechelela akafungua nafasi ile iliyokuwa wazi. Namba, 312. Mama, Nambike. Jinsia, kike. Kikabaki kisanduku cha jina. Akijaribu kukiacha wazi, kompyuta inakataa. Siku hizi haipokei mtoto asiye na jina.

Nambike akasema, "Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyemtendea wema. Wanangu wengine wana shangazi na bibi wa kurithi. Huyu ana nyinyi. Nitampa jina la mmoja wenu."

"La Sechelela," Ndekusara akawahi. "Mimi niliandika tu, ndiyo kazi yangu. Yeye alikula onyo."

"Dada, mimi nililinda pengo bila kujua ni la nani. Aliyejua ni Mama Nakundwa."

"Niacheni miye!" akasema Mama Nakundwa. "Jina langu limechakaa kama tambara la deki, nimtwishe mtoto? Na huyu karani asingemwandika saa ile, ningeokota plasta isiyo na namba, ningeitupa jalalani kama nyingine."

Wakacheka kidogo, hata Nambike. Kisha machozi yakamdondoka juu ya vitufe vya kompyuta, na Sechelela akavifuta kwa mkono wa sweta.

"Si mumpe majina yote matatu?" Bwana Kiondo aliuliza kutoka mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku ile.

"Kisanduku kinapokea moja, baba."

Bwana Kiondo akainamisha kichwa. Nje, jua lilikuwa limeanza kushuka. Nambike akavuta kiti, kiberiti mkono mmoja, akauliza herufi zilipo.

Nanyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, hebu niambieni. Bila wa kwanza, mtoto asingepata namba. Bila wa pili, nafasi yake ingekaliwa. Bila wa tatu, asingejulikana ni wa nani. Je, ungekuwa wewe ndiwe mama yake, ungeandika jina la nani?

Nambike aliandika jina moja, na orodha ikafungwa. Kesho yake asubuhi alizaliwa mtoto wa kiume pale zahanati, na kompyuta, kwenye orodha mpya, ikampa namba iliyofuata: mia tano na arobaini na moja.