Kiroboto na Jemadari Asiyetafuna

Zamani hizo, wanangu, fisi alipokuwa bado anavaa kanzu na kualikwa harusini, palitokea vita ndani ya tumbo. Ngojeni niwatajie waliokuwepo siku hiyo. Alikuwepo Fisi, bwana mwenye tumbo. Alikuwepo mkewe, Bi Fisi, jikoni. Ndani ya tumbo la Fisi walikuwepo konokono, ambao walisimama gamba kwa gamba wakawa ukuta wa tumbo, na mmoja wao ni mama aitwaye Mwanakheri. Nyuma ya ukuta walikuwepo vyura walinzi na mkubwa wao, Jemadari Domo. Na alikuwepo Kiroboto, mdogo kuliko punje ya ulezi. Huyo hakualikwa na mtu.

Kisa kilianza na kiporo. Fisi alikuwa amebeba wali wa nazi kutoka harusini, ukalala mezani usiku kucha kwenye joto. Asubuhi Bi Fisi akaufunua, akakunja pua.

"Mume wangu, ngoja niupashe moto. Naona umeanza kuchacha."

"Upashe wa nini?" Fisi akacheka. "Babu yangu alikula mzoga wa punda ambao hata nzi waliukimbia! Leo mimi niogope wali?"

"Na babu yako alikufa kwa ugonjwa gani?"

Fisi akajifanya hasikii. Mkono sufuriani, gubu, gubu, gubu! Kutafuna aliona ni kazi ya wanawake. Na ndani ya tonge la mwisho, amejikunja raha mstarehe, alikuwa Kiroboto.

Kule chini Mwanakheri alikuwa kazini. Konokono wana kazi moja: kushikamana, na kutandaza ute juu yao ili adui ateleze. Jirani yake wa kushoto alikuwa bibi mzee ambaye ute wake ulikuwa unaisha. Kila alipopata nafasi Mwanakheri alimpaka wa kwake, taratibu, bila kusema neno, ili mzee asione haya.

Mara, tii! Kiroboto akaruka ukutani. Akateleza, pwaa! Akaruka tena. Pwaa!

"Shikamoo mama," akasema kwa sauti ya asali. "Mimi ni yatima. Nisogezee kidogo tu nipite."

"Marahaba. Yatima wa nani?"

"Wa... wa wali."

"Basi rudi kwa wali, mwanangu. Hapa hapana mlango."

Kiroboto akakuna kichwa. Akaona konokono hawahongeki wala hawatishiki. Ukuta wa namna hii hauvunjwi kutoka nje. Akatazama juu, akamwona Jemadari Domo anachungulia, kifua mbele, mashavu yamejaa sifa.

Sasa, wanangu, vyura walikuwa na desturi yao. Mlinzi hatafuni. Humeza tu, kisha anapiga kifua. Akionekana anatafuna, wenzake humcheka kwamba anaogopa alichokula. Hiyo ndiyo heshima ya vyura! Akili ilikuwa imeshiba ikalala.

"Ee wewe domo!" Kiroboto akapaza sauti. "Walisema wewe mlinzi, kumbe mfuko mtupu! Hata mimi hunimezi!"

"Nani? Mimi?" Macho ya Jemadari yakatoka. "Mimi Domo, niliyemeza mchanga, niliyemeza mfupa?"

"Utanimeza kwa ulimi upi? Huo mfupi?"

"Jemadari, usimjibu," Mwanakheri akasema. "Anataka kumezwa huyo. Na ukimmeza, basi mtafune kwanza."

"We konokono, kazi yako ute! Kazi ya kumeza niachie mimi!"

Akapenyeza ulimi katikati ya konokono wawili. Lap! Kiroboto huyo, kamezwa mzima mzima. Jemadari akapiga kifua, ndu, ndu, ndu. Vyura wote wakamshangilia. "Domo! Domo!"

Walikuwa wanashangilia mazishi yao. Kiroboto alikuwa amevushwa ukuta kwa ulimi wa mlinzi mwenyewe, na tumboni mwa Jemadari alipata chumba cha joto. Akazaa. Watoto wake wakazaa. Kisha akapanda hadi karibu na koo, akakohoa, akaigiza sauti nzito ya Jemadari.

"Walinzi! Adui wamejificha ndani ya konokono! Pigeni ukuta!"

Jemadari akashtuka. Lakini sauti ilikuwa nzito na ya kibabe, na yeye alipenda sana sauti yake. Akafikiri ni mawazo yake mwenyewe. "Mmenisikia!" akanguruma. "Pigeni!"

Vyura wakatema maji ya moto kama pilipili, fyuu, fyuu! Ukuta ukawa mwekundu, ukavimba. Magamba yakapasuka, ka, ka, ka. Bibi mzee wa kushoto akaachia, akaanguka, akachukuliwa na maji. Mwanakheri alinyoosha shingo kumshika, asimfikie.

Na ukuta ukiwa na nyufa, maji ya mwili yakaanza kuvuja. Huko nje Fisi alikuwa anakimbilia chooni, kanzu begani, prrr! Anatoka, anarudi, prrr! Shujaa wa mizoga analia, "Mama wee!"

Mwanakheri akaona macho ya konokono wenzake yanakauka. Fisi akikauka, hakuna tumbo. Bila tumbo, hakuna konokono, hakuna chura, hakuna yeyote.

Akajikokota juu ya nyufa, mgongo unaungua, mpaka miguuni kwa Jemadari.

"Jemadari, nakuomba jambo moja. Funga mdomo."

"Mimi nifunge mdomo?"

"Kidogo tu. Au huwezi?"

Vyura wakacheka. Jemadari, kwa ajili ya sifa, akabana midomo, mashavu yakavimba. Kukawa kimya.

"Pigeni ukuta!" sauti ikatoka. "Pigeni, wajinga nyie!"

Vyura wakatazamana. Mdomo wa Jemadari umefungwa. Nani anasema?

Mwanakheri akaegemeza kichwa kwenye tumbo la Jemadari. "Njooni msikie. Humu mna harusi nzima."

Wakasogea. Wakasikia viroboto wanaimba, wanapiga makofi, wanamcheka Domo.

"Cheua," Mwanakheri akamwambia. "Cheua, utafune."

"Kama mbuzi? Mbele ya watu?"

"Kama mbuzi. Mbele ya watu."

Jemadari akainama. Akacheua. Akatafuna kwa fizi, nyam, nyam, machozi yanamtoka, na kila alipotaka kumeza kabla ya wakati, vyura vijana walimpigia kelele, "Bado! Tafuna!" Viroboto waliochoropoka walidakwa na hao vijana, nao wakatafuna bila kuona haya. Kiroboto mkubwa alikuwa wa mwisho. "Nilikuwa natania, jamani!" Kruch.

Hakuna aliyepiga kifua siku hiyo, hata Jemadari.

Kutoka chini wakapanda konokono wachanga, magamba bado laini, wakajibana kwenye nafasi zilizo wazi. Mmoja akasimama pale alipokuwa bibi mzee. Alikuwa hajui hata kutandaza ute. Mwanakheri, na mgongo wake ulioungua, akampaka wa kwake.

Wanangu, adui anayeomba umpige, mchunguze kwanza.

Bi Fisi alimnywesha mumewe maji yenye sukari na chumvi, kikombe baada ya kikombe, na Ijumaa Fisi akaweza kusimama.